Kiti Kilichogongomewa Sakafuni

Mimi ni kinyozi, na kinyozi husimama. Wateja wangu hudhani niliichagua kazi hii kwa kupenda vichwa vya watu. Wapi! Niliichagua kwa sababu ni kazi ambayo mteja ndiye anayekaa. Nina kilo mia moja arobaini na nane, nilizipima kwenye mizani ya ghala la nafaka kwa kuwa ile ya zahanati ilisalimu amri, na kwa miaka kumi na moja sikuwahi kukaa kwenye kiti mbele ya watu. Kitandani nilikaa. Kwenye kibaraza cha saruji nilikaa. Lakini kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mimi nilikuwa yule bwana aliyesimama ukutani akisema, "Msijali, nimezoea kusimama."

Sikuzoea. Miguu iliniuma kama inavyomuuma mtu yeyote. Ila kuna siku kiti cha plastiki kilinikimbia mbele ya watu mia mbili, nikaenda chini na soda yangu mkononi, na siku hiyo nikaapa kwamba hawatanicheka tena.

Lakini sikukaa hapa kujieleza mimi. Nataka kumweleza mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, ambaye kazi yake hakuna mtu wa ukoo anayeweza kuieleza vizuri, na wanaojaribu huishia kusema uongo. Shangazi huwaambia watu kwamba ni daktari wa viti. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilisema tu "yuko kiwandani" na kubadilisha mazungumzo.

Kiwanda chenyewe kinatengeneza ndoo, mabeseni, matangi madogo na viti. Chini kuna mashine, joto na harufu ya plastiki iliyoyeyuka. Juu, ukipanda ngazi za chuma, kuna chumba chenye dirisha la kioo linalotazama chini, meza mbili, kalenda iliyobaki mwezi wa tatu, na kompyuta ambayo feni yake inalia kama nyigu aliyefungiwa chupani. Humo ndimo mdogo wangu anamotengeneza viti ambavyo havipo. Anakichora kiti kwenye kompyuta, anakikata vipande vidogo vidogo kwa maelfu, anakitwisha mzigo, kisha anasubiri aone kitapinda wapi na kitavunjika lini. Kikivunjika anafurahi. Kiti cha kwenye kompyuta kikivunjika, anasema, hakuna mtu anayeumia kiuno.

Siku aliyopata kazi alijaribu kumweleza mama. Alimwambia kwamba atakuwa akichunguza tabia za plastiki.

"Plastiki nayo ina tabia?" mama akauliza.

"Inazo, mama. Ukiilemea ghafla inakaza shingo. Ukiilemea polepole inalegea. Ukiiachia mzigo asubuhi hadi jioni, jioni huikuti pale ulipoiacha."

Mama akafikiri kidogo. "Basi namjua mtu wa namna hiyo," akasema, akamtupia jicho baba, ambaye alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka.

Na kabla ya kuwa kiti, plastiki ni uji. Hilo nalo liko mikononi mwake. Uji huo wa moto unasukumwa ndani ya kalibu la chuma kupitia tundu moja, unakimbilia miguuni na mgongoni, na yeye anapiga hesabu utafika wapi kwanza, utapoa wapi kabla ya wakati, na mikondo miwili itakutana wapi. Pale inapokutana panakuwa na mshono. Kwa macho huuoni, lakini kiti kinaujua, na siku ya kupasuka kitaanzia hapo hapo. Kwa sababu ya picha za viti vilivyojaa mistari kwenye kompyuta yake, kila kiti kimefunikwa wavu kuanzia mgongo hadi kwato, yaani nyayo za miguu yake, watu wa kiwandani walimbandika jina la Bi Wavu. Analipenda. Angekuwa mtu mwingine angenuna.

Asiyempenda, siku hizo, alikuwa Fundi Mkuu wa makalibu. Mzee huyu alikuwa na miaka thelathini pale, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mashine yake ya kupimia, na njia aliyoiamini zaidi: kupanda juu yake kwa viatu vya kazi na kuruka. Kikimhimili, kipite. Kisipomhimili, kisagwe upya. "Kompyuta haijawahi kukalia kitu," alikuwa akisema kila mdogo wangu anapopita, naye mdogo wangu alikuwa akimjibu, "Shikamoo, Fundi," kwa adabu zote, kisha anapanda ngazi zake.

Basi ikaja habari ya kiti kipya. Meneja wa kiwanda, mama mfupi mwenye sauti ya upole inayowafanya wanaume wazima wafiche simu zao, alitaka kiti chepesi kuliko vyote walivyowahi kutengeneza, lakini kinachoweza kukaliwa na mtu yeyote, hata mnene. Akampa mdogo wangu kazi hiyo. Akamwambia pia kweli tupu: kalibu la chuma likishachongwa halirudi nyuma, na kiti kile kikija kuwaangusha watu, chumba cha juu kitafungwa na yeye atahamia ghalani kuhesabu ndoo. Mdogo wangu alikubali. Akafanya kazi wiki nyingi, akakonda, halafu siku moja akanipigia simu: "Kaka, kesho Jumatatu hufungui. Njoo uone kitu."

Nilikwenda nimevaa shati la heshima. Alinivutia kiti, nikasema nimezoea kusimama, hakubishana. Kwenye kompyuta kilikuwepo kiti chembamba, kizuri, chenye miguu iliyochanuka kidogo kwa nje, chote kimo ndani ya wavu.

"Kompyuta haijui kiti ni nini," akanieleza. "Inajua vipande tu. Hapa viko laki moja na themanini elfu. Kila kipande kikisukumwa kinamsukuma jirani, jirani anajibu, mpaka wote wapatane."

"Kwenye mtaa wetu wangeshapelekana polisi."

Akacheka, akabonyeza kitu. Kiti kikabonyea polepole pasipo mtu juu yake, na rangi zikaanza kutambaa: buluu, kijani, njano. Buluu, akasema, ni mahali plastiki inapostarehe. Nyekundu ni mahali inapolia. Nyekundu haikuwepo hata chembe.

"Umeweka kilo ngapi hapo?" nikauliza.

Akajikuna shingo. "Mia moja arobaini na nane."

"Na kwa kawaida mnaweka ngapi?"

"Mia na kumi."

Nikajifanya naangalia kwato za kile kiti. Na kwa kuwa nilikuwa naziangalia kwa bidii ili nisimwangalie yeye, nikaona jambo. Miguu yote minne, kule chini kabisa, ilikuwa buluu tupu na haikusogea hata unywele.

"Hapa chini mbona hapatembei?"

"Nimepashika."

"Umepashika na nini?"

"Kwenye hesabu, kaka. Lazima kitu kishikwe mahali, la sivyo kinaelea tu hewani. Nimeigongomea miguu sakafuni, basi."

"Umeigongomea?" Sauti ilinipanda, nakiri. "Mdogo wangu, hicho si kiti tena, ni mti! Mimi nimeangusha viti saba maishani mwangu. Hakuna hata kimoja kilichovunjika kikiwa kimetulia. Miguu hukimbia kwanza. Inateleza, inaachana, ndipo mambo mengine yanafuata. Ukishaigongomea miguu hata mimi nitatengeneza kiti kwa maboksi!"

"Kila mtu anafanya hivi. Hata vitabuni."

"Na watu wanaovikalia uliwaona wapi? Vitabuni?"

Akasimama. Tunafanana kwa hasira, sisi. "Kaka, wewe nyoa vichwa, viti niachie mimi."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!" nikamwambia, nikashuka zile ngazi zikiwa zinalia chini yangu moja baada ya nyingine, na Fundi Mkuu kule chini akiniangalia kwa furaha isiyofichika.

Siku tatu hatukuzungumza. Siku ya nne, saa za mchana ambazo duka huwa tupu, akaingia na daftari na mfuko wa kitambaa. Hakuomba radhi. Alijibwaga kwenye kiti changu cha kunyolea akasema, "Haya, niambie vyote saba. Kimoja kimoja."

Nikamweleza huku nafagia. Cha kwanza, ukumbi wa harusi, sakafu imemwagika juisi: mguu wa nyuma wa kulia ulianza. Cha pili, kliniki, nilijiegemeza nyuma nikipiga miayo. Cha tatu kilikuwa kimekaa juani miaka, hicho nilikisamehe. Akawa anaandika kila kitu: sakafu ya namna gani, niliegemea wapi, mguu upi ulitangulia, nilisikia mlio gani kabla. Hajawahi kunisikiliza vile tangu azaliwe. Nilipofika cha sita nikaegemeza ufagio ukutani.

"Ni hivyo tu."

Akahesabu kwenye daftari. "Umebakiza kimoja, kaka. Cha saba."

"Hicho unakijua."

Alikijua. Kilikuwa siku ya sherehe yake ya kuhitimu, kwenye baraza yetu yenye vigae, vimetoka kudekiwa na bado vina povu. Wageni walikuwa wameniita niseme neno kama kaka mkubwa, nami nilikuwa nimejiegemeza kwa maringo kwa sababu nilikuwa na fahari naye kuliko nilivyoweza kusema. Ndipo kiti kikaniacha, mimi na soda yangu. Kabla ya watu wote kucheka, alicheka mtu mmoja, na mtu huyo nilimjua kwa sauti.

"Nilicheka mimi wa kwanza," akasema.

"Najua."

"Sikujua nacheka mpaka niliposikia. Halafu watu wote wakafuata, nikashindwa kurudisha." Alikuwa akiongea na kioo changu, si na mimi. "Nisamehe, kaka. Ningekuambia siku ile ile. Kila mwaka unaopita likawa zito zaidi."

Nikamwambia yameisha. Hayakuwa yameisha, lakini yalianza kuisha palepale, na hilo ni zaidi ya nilivyotegemea. Kisha nikapiga kelele, maana nilikuwa karibu kulia na sitaki kulia mbele ya vioo vitatu: "Haya, cha saba! Mguu wa nyuma wa kushoto! Andika!"

Akaandika. Kisha akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na kigae kimoja, kwato ya mguu wa kiti iliyokatwa kwa msumeno, jiwe la mizani na kipimapembe alichokiomba kwa binti yangu, cha mkebe wake wa shule. Akaweka kwato juu ya kigae, jiwe juu ya kwato, akaanza kukiinua kigae upande mmoja polepole. Kwato ikakaa, ikakaa, kisha ikaserereka. Digrii kumi na saba. Akaomba sabuni yangu ya kunyolea ndevu, akapaka povu kwenye kigae, akarudia. Digrii sita tu, kwato hiyo imeshafika mlangoni.

"Hizi namba mbili," akasema, "ndizo zilizokosekana: sakafu inaushika mguu kiasi gani." Alirudia mara kumi kwa kila hali ili asijidanganye. Mteja aliyeingia alisimama na kuangalia, kisha akaondoka bila kunyolewa.

Jumanne iliyofuata, jioni, simu ikalia.

"Kaka, umeanguka."

"Nani?"

"Wewe. Ndani ya kompyuta. Nimeng'oa misumari, nikaacha miguu ishikwe na msuguano peke yake. Umeanguka mara nne kwenye sabuni. Mara ya tano kompyuta yenyewe imekataa kuendelea." Alikuwa anacheka. Miguu ilikuwa imeteleza, ikaachana, na juu kabisa, pale mguu wa nyuma unapoungana na kikalio, palikuwa pekundu kama pilipili. Kibaya zaidi, mshono wa uji ulipita palepale.

Na chuma cha kalibu kilikuwa kichongwe Alhamisi. Zilibaki siku mbili.

Sasa nataka uelewe: angeweza kunyamaza. Aliyeijua ile misumari alikuwa kinyozi mmoja tu. Michoro ilishapitishwa, meneja alishaisifu mbele ya watu, na kiti kingetoka kizuri, kingeng'aa, na miezi mingi ingepita kabla mtu wa kwanza hajaanguka kwenye baraza ya watu fulani. Usiku ule alimuuliza mama afanye nini. Mama alimwambia, "Mimi ni mtu wa kukalia viti. Usiniulize kama useme." Jumatano asubuhi akaingia ofisi ya meneja kabla hata hajaweka mkoba.

Yaliyotokea humo alinisimulia yeye, na Fundi Mkuu, aliyeitwa katikati ya mazungumzo, alinithibitishia baadaye kila neno. Meneja aliziangalia picha mbili, ya zamani ya kijani na mpya nyekundu, akauliza kwa ile sauti yake ya upole, "Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa ukituonyesha kiti kilichogongomewa?"

"Ndiyo. Nilikosea."

Fundi Mkuu akakohoa kwa raha. "Nilisema mimi. Kompyuta haijawahi kukalia kitu. Afadhali mashine yangu ya kupimia, ile inasukuma kiti cha kweli."

Mdogo wangu akamgeukia. "Fundi, samahani. Chini ya miguu, mashine yako ina nini?"

"Mpira. Ili kiti kisikwaruze sakafu."

"Mnene?"

"Mnene hivi..." Fundi Mkuu akaonyesha kwa vidole, kisha vidole vikabaki hewani. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Miaka yote ile kila kiti alichokipima kwa mashine kilikuwa kimeshikwa miguu kwa mpira. Yeye naye alikuwa amegongomea, ila alitumia nyundo laini.

Meneja aliwaangalia wote wawili. Kisha akacheka, jambo ambalo Fundi Mkuu aliapa kwamba hajaliona tangu aajiriwe. Chuma hakikuchongwa Alhamisi. Waliambiwa wakae pamoja, mdogo wangu na Fundi Mkuu, na warudi na kiti kilichoachwa huru. Na kisipokaa sawa safari hii, akasema meneja, kwenye kile chumba cha juu ataweka maboksi.

Miezi miwili wakala sahani moja. Fundi Mkuu akapanda zile ngazi kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba kutoka juu anaweza kuwaona vijana wake wakizembea, basi akawa hashuki. Mdogo wangu alipendekeza, mzee akapinga, kompyuta ikaamua, mzee akapinga na kompyuta. Walipunguza mchanuko wa miguu. Waliongeza ubavu mwembamba wa kukikaza chini ya kikalio. Tundu la kuingizia uji walilihamisha, mshono ukasogea hadi mahali pasipobeba kitu. Kwato zikapewa mistari ya kushika sakafu, wazo la mzee, na mdogo wangu alikitangazia kiwanda kizima kwamba ni la mzee. Kisha wakatengeneza kalibu dogo la majaribio na kutoa viti sita.

Mashine ya Fundi Mkuu, sasa bila mpira, juu ya vigae vya sabuni, ilivikubali. Mifuko ya mchanga ikavikubali. Lakini mdogo wangu hakutulia. "Mchanga hauna wasiwasi," alisema. "Mtu anajitingisha, anajiegemeza, anageuka kumwangalia anayemwita." Meneja naye alitaka kuona mtu. Mtu mzito, sakafu yenye sabuni, nusu saa nzima.

Hakuniomba. Alikuja dukani, akakaa, akazungumzia hali ya hewa, akaondoka. Akaja tena kesho yake kuzungumzia hali ya hewa. Mara ya tatu nikamwambia, "Tafuta mwingine. Mimi mbele ya watu sikai."

"Sijakuomba, kaka."

"Basi usiniombe!"

Nilikwenda kwa mama kulalamika, nikitegemea atanitetea. Nikamwambia aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Ni kweli, mwanangu. Lakini mdogo wako ameuweka mkate wake wote kwenye hicho kiti, na amekipima kwa kilo zako, si za mwingine. Ukianguka, utakuwa umeanguka kwa kazi ya ndugu yako. Wapo wanaoanguka bila sababu yoyote."

Nikajikaza kisabuni.

Ilikuwa kwenye kantini ya kiwanda, saa tatu asubuhi. Tuliambiwa tutakuwa watu wanne. Nilikuta arobaini, wamepanga mstari ukutani, wengine wamebeba ndoo ili waonekane wako kazini. Sakafu ilikuwa na vigae vyeupe, imemwagiwa maji ya sabuni, na katikati kimesimama kile kiti, chepesi, rangi ya samawati, kidogo mno kwa macho yangu. Ukutani mdogo wangu alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika tangu jana: kwato za nyuma zitaachana milimita kumi na moja mara tu mtu atakapokaa, baada ya nusu saa zitafika kumi na nne na kusimama. Chini yake kaweka sahihi. Fundi Mkuu alikuwa amelala kifudifudi kwenye povu na rula ya chuma na tochi, ovaroli yake ya siku zote imelowa.

"Zikipita kumi na tano," mdogo wangu akaninong'oneza, "simama upesi, kaka. Usinionee haya."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikajua anaogopa kuliko mimi, na hilo ndilo lililonisukuma. Nikageuka, nikashika magoti, nikakaa.

Miguu ikatembea. Niliisikia, ule mlio ninaoujua kuliko mtu yeyote duniani, kiiii kwenye kigae, na damu yote ikanikimbilia masikioni. Mikono ilitafuta kitu cha kushika, hakikuwepo. Kisha mlio ukakatika.

"Kumi na moja!" Fundi Mkuu akapiga kelele kutoka chini. "Kumi na moja kamili!"

Watu wakashangilia, nikataka kuinuka. Mdogo wangu akainua kiganja. "Bado. Sasa ndiyo inaanza. Plastiki inakupima na wewe unaipima."

Dakika tano: kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa kama nimebeba mayai. Dakika kumi: kumi na tatu. Nikamwambia inaendelea kwenda, akasema anajua, aliandika itakwenda. Aliniambia nijiegemeze, nikajiegemeza. Aliniambia nigeuke kushoto kama nimeitwa, nikageuka. Mtu mmoja nyuma akauliza kama nikimaliza nitamnyoa, mimi nikajibu kwamba kwa kichwa chake nitahitaji kalibu, na kantini nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka, tumbo lote likatikisika na kiti pamoja nalo.

"Usicheke!" Fundi Mkuu akafoka. "Namba zinaruka!"

"Mwache acheke," mdogo wangu akasema. "Kucheka nimekutia kwenye hesabu."

Dakika kumi na tano: kumi na nne. Dakika ishirini: kumi na nne. Dakika ishirini na tano Fundi Mkuu alipima mara tatu kabla ya kusema, na aliposema hakupiga kelele. Kumi na nne. Meneja alitazama saa yake mpaka mshale ulipokamilisha nusu saa, akaisoma ile karatasi ya ukutani tena, akaing'oa, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. "Kichongwe," akasema, akatoka. Wenye ndoo wakatoka na ndoo zao.

Fundi Mkuu akainuka akidondosha povu. "Haya, mzee, tumemaliza. Shuka."

Sikushuka. Magoti hayakuniuma, mgongo ulikuwa umetulia, na nilikuwa naiona kantini kutoka kimo ambacho wengine wote huiona. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wakiwa wamekaa nyuso zao ziko karibu namna ile. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama ukutani akilia waziwazi bila kujifuta, na nikakumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja kila neno nililomwambia mbele ya watu nilimwambia kutoka juu. Nikamwambia alete kiti kimoja katika vile vitano vilivyobaki.

Akakileta, akakiweka kando ya changu kwenye ile sabuni, akakaa. Tulizungumza mambo ya nyumbani hadi kengele ya chakula cha mchana ilipolia.